Kesi za Kongo huko La Haye na Arusha: sisi wa Katoyi tunaingia wapi?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa kartiye Katoyi, komine ya Karisimbi, Goma, Oktoba 2024. Tunayaweka hapa kwa wale ambao hawakufika.



Leo hatukuwaita ju ya maandamano. Tumewaita ju ya swali ambalo linarudi kila mara bomu linapoanguka, kila mara watu wanapokimbia toka Sake na magodoro kichwani: "Juu ya nini hatuwapeleke ku tribinali ya dunia?" Na kila mara kuna mwingine anayejibu: "Tribinali gani? Zile ni za wakubwa, hazitusaidie kitu." Anayeuliza hajui kwamba Kongo ilishakwenda, tena zaidi ya mara moja. Anayejibu hajui kwamba Kongo ilishashinda. Sisi tuko na diploma na hatuna kazi, basi wakati wa kusoma hukumu ndefu tunao. Tumesoma, na tunataka kuwaambia tulichokikuta ndani.

Juu ya nini leo? Tarehe 14 ya mwezi huu, mwendesha mashtaka wa CPI, Karim Khan, ametangaza kwamba ofisi yake inaanza tena uchunguzi juu ya Kongo, na kwamba itaangalia zaidi Kivu ya Kaskazini, juu ya makosa ya tangu Januari 2022. Wiki karibu tatu mbele ya pale, tarehe 26 Septemba, kesi ya Kongo juu ya Rwanda ilisikilizwa Arusha, ku Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Na kesi ingine ya Kongo juu ya Rwanda iko palepale Arusha, ku Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, tangu 2023. Watu wanazichanganya zote, wanasema tu "La Haye". Kumbe kila moja iko na mlango wake, na ukipiga hodi ku mlango usio wako, hakuna atakayekufungulia.

Tuanze na kesi iliyokwisha kuhukumiwa, sababu njo inatufundisha zaidi.

Tarehe 23 Juni 1999 Kongo ilishtaki nchi tatu siku moja ku Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile tunayoita CIJ: Uganda, Rwanda na Burundi. Wengi kati yetu tulizaliwa mwaka ule. CIJ iko La Haye, iko na majaji 15, wanachaguliwa na Umoja wa Mataifa kwa miaka 9. Haihukumu mtu. Haimfungi jenerali wala waziri. Inahukumu Leta na Leta mwenzake. Na hata Leta, haiwezi kuivuta kwa nguvu kama haikukubali.

Hapa watu wengi wanakasirika, basi tueleze pole pole. Ukigombana na jirani ju ya mpaka wa parseli, munaweza kwenda kwa nyumba kumi ao kwa mzee wa avenyu. Mzee yule hana polisi. Nguvu yake inatoka ku neno lenu nyinyi wawili: mulikubali kukaa mbele yake. Jirani akisema "mimi sikai", mzee hawezi kukata maneno, hata kama kila mtu wa avenyu anaona wazi nani alisogeza miti ya mpaka. CIJ iko vile. Leta inakubali mbele kwa tamko, ao kwa mkataba uliotia sahihi, ao kwa kesi moja tu.

Uganda ilikuwa imeweka tamko la kukubali tangu 1963. Kongo iliweka lake 1989. Basi mlango ulikuwa wazi pande zote mbili. Tarehe 19 Desemba 2005 majaji walisema: jeshi la Uganda lilivunja sheria ya kutotumia nguvu ku nchi ya mwingine, lilikalia Ituri, liliua na kutesa raia, na wanajeshi wake waliiba utajiri wa Kongo. Munajua moja ya vitabu vikubwa vya ushahidi ilikuwa nini? Ilikuwa ripoti ya tume ya Uganda yenyewe, iliyoongozwa na jaji Porter. Karatasi yao njo iliwashuhudia.

Lakini hukumu ileile ilisema pia kwamba Kongo ilikosa mbele ya ubalozi wa Uganda huko Kinshasa, ju walivamia majengo na kutesa wanadiplomasia. Na siyo mara moja tu nchi yetu ilikutwa na kosa. Mwaka 2012 CIJ iliamuru Kongo ilipe dola 95.000 kwa Guinea, sababu Leta yetu ilimfunga na kumfukuza kimakosa mfanyabiashara mmoja wa Guinea, Ahmadou Sadio Diallo. Tunasema haya makusudi. Mahakama haiko silaha ya kabila moja juu ya ingine wala ya nchi moja juu ya ingine. Anayetaka sheria imguse jirani, akubali imguse naye.

Na Rwanda? Kesi ya kwanza Kongo yenyewe iliiondoa 2001. Ikarudi na kesi mpya 2002. Tarehe 3 Februari 2006 majaji 15 juu ya 2 walisema: hatuna uwezo wa kusikiliza kesi hii. Rwanda haikuwa imeweka tamko kama Uganda. Mikataba ambayo Kongo ilitaja, Rwanda haikuwa ndani, ao ilitia sahihi na kukataa kipengele cha kupelekwa CIJ, ao masharti ya kufika pale hayakutimizwa. Munisikilize vizuri hapa, ju hii inasemwa vibaya ku radio na ku mitandao. Majaji hawakusema Rwanda haina kosa. Hawakufika kwenye swali hilo. Na mwishoni waliandika kwamba Leta kukubali mahakama ni jambo moja, na matendo yake kufuata sheria ni jambo lingine: hata isipokubali mahakama, inabaki na mzigo wa matendo yake.

Kwa sisi wa Goma maana yake ni nzito. Miaka ile mji huu ulikuwa makao makuu ya RCD, iliyosaidiwa na Rwanda. Yaliyofanyika hapa, Rutshuru na Masisi chini ya mkono ule, hayamo kwenye hesabu iliyolipwa nyuma yake. Mtu akikuuliza "zile pesa za La Haye, fungu letu liko wapi?", jibu njo hilo.

Tuingie sasa kwenye pesa. Majaji wa 2005 waliziambia nchi mbili zikae, zipatane juu ya malipo. Hazikupatana. Kongo ikarudi CIJ mwaka 2015, na hukumu ya malipo ikatoka tarehe 9 Februari 2022. Kongo iliomba zaidi ya dola miliari 11. Ilipewa milioni 325: milioni 225 ju ya watu, milioni 40 ju ya mali iliyoharibiwa, milioni 60 ju ya utajiri wa asili kama vile dhahabu, almasi na koltani. Kulipa ni kwa miaka mitano, milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022, na ikichelewa kuna faida ya 6% kwa mwaka. Uganda ililipa fungu la kwanza.

Miliari 11 ziligeukaje milioni 325? Watu wengi wanajibu haraka: "Dharau." Tulipoingia ndani ya hukumu tulikuta jibu lingine, na linauma zaidi. Kongo ilisema raia 180.000 walikufa kwa sababu ya Uganda. Majaji waliuliza: majina yako wapi? Karatasi za kifo? Za hospitali? Nani alikufa wapi, siku gani, mikononi mwa nani? Kongo ilikuwa imeleta fishi nyingi za wahanga, lakini nyingi hazikuwa na karatasi ya kuzisimamia. Mwisho majaji wakakadiria vifo kati ya 10.000 na 15.000. Juu ya wamama na wasichana waliobakwa, waliandika kwamba hata kukadiria idadi yao haiwezekani, wakawaweka ndani ya lile fungu moja la watu. Juu ya hasara ya uchumi wa nchi nzima, ambayo Kongo iliomba miliari kadhaa, haikupata hata dola moja: haikuonyesha kamba inayofunga kosa na hasara.

Tuwe wa haki: majaji walijua kwamba ndani ya vita ofisi zinachomwa na watu wanazikwa usiku. Ndiyo maana walitoa fungu la jumla bila kudai karatasi ya kila mtu, na walitumia ripoti za Umoja wa Mataifa, kati yake ile ripoti ya Mapping ya 2010 iliyoandika matukio 617 ya miaka 1993 hadi 2003. Lakini walisema pia kwamba tangu 2005 Kongo ilijua siku ya kuonyesha ushahidi inakuja. Miaka zaidi ya kumi ilipita. Nani alitembea kijiji kwa kijiji kuandika vizuri? Wafu wetu walikufa mara ya kwanza kwa risasi, na mara ya pili kwa kukosa mtu wa kuwaandika.

Sasa linganisheni na Bogoro, huko Ituri, iliyoshambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Kesi ile ilikuwa ya CPI, mahakama ingine kabisa, ijapokuwa nayo iko La Haye. CPI inahukumu mtu, siyo Leta. Germain Katanga alihukumiwa 2014, miaka 12 ya gereza. Nyuma yake watu 341 waliomba kutambuliwa kama wahanga. Majaji walisoma dosie ya kila mmoja, na mwaka 2017 walikubali 297. Kila mmoja aliandikiwa dola 250 za kuonyesha heshima, pamoja na msaada wa nyumba, wa masomo, wa kazi na wa kutuliza roho. Dola 250 hazimlipi mtu mama yake. Hakuna atakayetudanganya hapo. Lakini wale 297 hawakuwa "kati ya elfu kumi na elfu kumi na tano". Kila mmoja alikuwa na dosie yake, na jaji aliisoma.

Na Bosco Ntaganda, ambaye watu wa Goma walimuona akitembea mjini na kibali cha kukamatwa kiko juu yake? Mwaka 2013 alijipeleka mwenyewe ku ubalozi wa Marekani huko Kigali. Mwaka 2019 alipewa miaka 30. Aliyesema siku zile kwamba mtu yule hatahukumiwa kamwe, alikosea.

Kuna swali ambalo lazima tulijibu bila kuzunguka: mahakama hizi zinasimamisha bomu? Hapana. Haziko na jeshi. Leta ikikataa kufuata hukumu ya CIJ, mwenye kushinda anaweza kwenda ku Baraza la Usalama, na pale munajua wenyewe siasa inavyotembea. Toka kushtaki mpaka hukumu ya malipo ilikuwa karibu miaka 23. Anayewaambia vijana kwamba kesi ya Arusha italeta amani mbele ya Noeli, anauza maneno. Lakini anayewaambia kwamba bunduki njo njia moja tu iliyobaki, naye muulizeni: miaka 30 ya bunduki imemlipa nani? Imejenga shule gani hapa Katoyi? Kesi ni ya polepole. Vita navyo havikukwenda mbio kutufikisha popote.

Na hukumu ikishatoka, kazi haijaisha. Pesa ya Uganda hailipwi ku mkono wa mhanga. Inalipwa kwa Leta. Kwa kuigawa kuliundwa mfuko unaoitwa FRIVAO, Desemba 2019, na makao yake yako Kisangani, mji ambao Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigania kwa siku sita ndani ya nyumba za watu. Mpaka leo kelele ya wahanga kule haijanyamaza: nani yuko ku listi, nani ameingizwa nyuma, pesa imefika wapi. Vita ya kwanza ilikuwa ni kushinda La Haye. Vita ya pili ni kuhakikisha dola haipotei katikati ya Kinshasa na mlango wa mjane. Hiyo ya pili hakuna jaji wa kigeni atatupigania.

Basi sisi wa Katoyi tunaingia wapi? Tunaona milango mitatu.

Wa kwanza ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022, na watu wengi wanafikiri faida yake ni biashara ya mpaka tu. Mkataba wa Jumuiya unasema mtu yeyote anayeishi ku nchi mwanachama anaweza kushtaki tendo la Leta linalovunja Mkataba, bila kupita kwanza ku mahakama zote za nyumbani. Lakini kuna kisu hapo: uko na miezi miwili tu, toka siku tendo lilipofanyika ao siku ulipolijua. Nyuma ya miezi miwili, mlango unafungwa. Haiko mahakama kamili ya haki za binadamu, lakini tangu kesi ya Katabazi ya 2007, juu ya Uganda, majaji wake walikataa kufukuza kesi ju tu inagusa haki za binadamu. Vijana waliosoma sheria, hii ni kazi yenu. Miezi miwili inaisha mbio.

Wa pili ni Mahakama ya Afrika. Kongo iliikubali, lakini haijaweka lile tamko linaloruhusu raia na mashirika kushtaki moja kwa moja. Maana yake Kinshasa inaweza kumpeleka mwingine pale, lakini wewe raia wa Kongo huwezi kuipeleka Kinshasa. Rwanda iliweka tamko hilo 2013 na kuliondoa 2016. Sisi tunauliza viongozi wetu: munataka kufanana naye? Kama mahakama ile ni nzuri kwa kesi yenu, iwe nzuri pia kwa kesi yetu. Wekeni tamko. Haliombi bajeti, linaomba sahihi tu.

Wa tatu ni CPI. Pale mtu yeyote anaweza kutuma habari kwa ofisi ya mwendesha mashtaka. Na sasa wamesema wenyewe wanaangalia Kivu ya Kaskazini tangu Januari 2022. Mabomu ya tarehe 3 Mei mwaka huu ku kambi za wakimbizi wa vita upande wa Mugunga yako ndani ya muda huo. Jirani zetu wengi wako ndani ya muda huo.

Ndiyo maana tunaomba kila avenyu ianze daftari. Siyo proje, hakuna pesa ya mfadhili ndani yake. Daftari, kalamu, na mtu ambaye majirani wanamwamini. Tunapendekeza hivi:

Andika jina lote la mtu, umri, mahali, tarehe, saa. Andika nani alikuwa pale. Tenga vizuri "niliona" na "niliambiwa", ju uongo mmoja unaweza kuua ukweli kumi. Usiandike kabila la mkosaji kama hujui. Andika ulichokiona: nguo, lugha, silaha, upande walikotoka. Tunza karatasi ya hospitali, ya kifo, ya mazishi, hata risiti ya jeneza. Picha uiache kama ilivyotoka ku simu, usiikate wala usiipambe. Mtu akikataa kuandikwa, muheshimu. Aliyebakwa, usimuulize mara kumi. Msindikize kwa daktari kwanza, na jina lake lisitembee.

Na tafadhali, daftari hili haliingii ku WhatsApp. Musiposti majina ya mashahidi ju ya kupata "like". Muwe na nakala mbili, mahali pawili, na watu wachache wanaojua. Mji huu unabadilisha mabwana, na karatasi inayosaidia leo inaweza kumletea mtu hatari kesho. Mwenye kuogopa asilazimishwe.

Kwa viongozi wetu tunasema mambo matatu. Wekeni tamko la Mahakama ya Afrika. Tangazeni hadharani hesabu ya pesa yote ya Uganda iliyoingia na iliyotoka, na vigezo vya listi ya wahanga. Na mukusanye ushahidi wa leo leo, siyo nyuma ya miaka 15, wakati mashahidi wameshazikwa.

Kwetu wenyewe tunasema moja. Kesi ya 1999 ilianza tukiwa matumboni ao mgongoni mwa mama zetu, na hakuna aliyeweza kutuomba kitu. Hizi za sasa zinaanza tukiwa na miaka 25, tunajua kusoma, tunajua kuandika, na siku nyingi hatuna pa kwenda asubuhi. Watakaozaliwa mwaka huu watasoma hukumu yetu siku moja. Wakikuta pale palipoandikwa "idadi haiwezi kujulikana", wataturudia sisi.

Aliye na swali aulize sasa. Aliye na daftari nyumbani, alianze leo jioni.